Mchoma Mkaa wa Las Terrazas na Mimi wa Mikese

Nilikuwa nakunja waya wa maiki mgeni mmoja alipokuja mbele ya jukwaa, bia mkononi, akanisifu kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kifaransa kwamba nina sauti nzuri. Nikamshukuru. Akauliza: “Na wimbo wako mwenyewe, uliotunga wewe, ni upi kati ya hizi mlizopiga?”

Usiku ule tulikuwa tumepiga nyimbo kumi na nane. Wangu haukuwemo hata mmoja. Nikacheka kicheko cha mtu aliyeshikwa, nikamwambia nitamletea. Akasema anafanya kazi na watu wa kurekodi huko kwao, na yupo hotelini mpaka Jumapili. Ilikuwa Alhamisi. Nilikesha siku mbili na gitaa kwenye vyumba vya wafanyakazi, nyuma ya jiko, nikilazimisha kutoka kitu ambacho kwa miaka minane sikuwahi kukiita. Jumamosi nikampelekea. Alisikiliza mpaka mwisho, mtu mstaarabu yule, akatikisa kichwa taratibu, akanitunza dola ishirini. Jumapili akaondoka zake.

Hiyo ilikuwa Nungwi, kaskazini ya Unguja, mwaka 2011. Naanza na aibu hiyo kwa sababu bila yenyewe habari za Polo Montañez, mwanamuziki wa Kuba, zingeniingilia sikio hili zikatokea lile.

Kwetu ni Mikese, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Morogoro, pale magunia ya mkaa yanapopangwa kando ya lami kusubiri magari ya mjini. Mengine yalikuwa yetu. Baba alikuwa mchoma mkaa, ndugu zake wachoma mkaa, na mimi tangu darasa la tatu nilijua kushika koleo. Wanaonunua mkaa kwa kopo kule Dar hawaujui usiku wa tanuri. Unakata miyombo, unapanga magogo, unayafunika kwa nyasi na majani, juu yake udongo, unaacha mlango mmoja wa kuwashia. Ukishawasha, kazi yako ni kuzunguka. Moto ule hautakiwi kuwaka. Unatakiwa kuunguza ndani kwa ndani, kimyakimya, siku baada ya siku. Udongo ukipasuka mahali, hata tundu la kidole, hewa ikaingia, usiku mmoja unatosha kugeuza jasho la wiki mbili kuwa majivu. Ndiyo maana mnalala hapohapo, kwa zamu, na ndoo ya tope pembeni. Baba alikuwa akiimba ili usingizi usimchukue. Nyimbo za ngoma za Kiluguru, vipande vya dansi alivyovisikia mjini, na nyingine zisizo na maneno kabisa, ni sauti tu ya mtu anayeuambia moto kwamba yupo macho.

Nilipofika Unguja mwaka 2003, hayo yote niliyafukia. Kwenye bendi nilijitambulisha kuwa mtoto wa Morogoro mjini. Mchoma mkaa siku hizi ni tusi: anamaliza misitu, anakimbizwa na mgambo, hana shule. Miezi ya mwanzo nilikuwa nasugua kucha kwa ndimu kila kabla ya onyesho, ingawa mkaa ulishatoka zamani.

Bendi ya hotelini ni shule na ni gereza. Unajifunza kupiga ukiwa na homa, kupiga mvua ikinyesha, kupiga kwa meza sita ambazo nne zinakula bila kukutazama. Lakini unapiga kile kile. Ule wimbo wa kuwakaribisha wageni, kila hoteli ya pwani inaujua, nadhani nimeuimba mara elfu tatu. Ukimaliza mwezi unalipwa, unatuma nyumbani, unaanza upya. Katika hali hiyo kutunga unakuona kama anasa, kama mtu mwenye njaa kununua maua.

Dokta alikuja mwaka 2012. Unguja ina madaktari wa Kuba kwa miaka mingi, wengine wa kutibu, wengine wa kufundisha vijana udaktari, na huyu alikuwa akija ufukweni baadhi ya Jumamosi na wenzake. Anakaa karibu na spika, anaagiza soda moja ya kukaa nayo usiku mzima. Siku moja tukapiga rumba ya zamani, ya kutembea polepole, naye akachukua kijiko akaanza kugonga chupa: mapigo matatu, kisha mawili. Akasimama. Akacheka. Tulipopumzika akanifuata kwa Kiswahili chake cha hospitalini: “Ndugu, mzuri sana. Lakini mmeiweka kichwa chini, miguu juu.”

Alikuwa sahihi. Mapigo yale, wenyewe wanayaita clave, ndiyo uti wa mgongo wa muziki wao, na sisi tulikuwa tumeingilia upande wa pili. Nikamwambia tumeurithi hivyo kwa wakubwa. Nikamsimulia kuhusu santuri za Kikuba zilizokuja Afrika na alama ya GV tangu miaka ya thelathini, zikasambaa Kongo mpaka huku kwetu, na jinsi Morogoro ilivyokuwa na bendi iliyoitwa Cuban Marimba, ya Salum Abdallah, ambayo baba yangu mdogo aliizungumzia kama mtu anavyomzungumzia mchumba wa ujanani. Wazee wale waliimba Kihispania wasichokijua, wakibahatisha sauti tu. Dokta alicheka mpaka akafuta machozi. Akauliza: “Na wewe ni wa Morogoro? Mjini?”

“Mjini,” nikasema. Uongo wangu wa kawaida.

Akasema yeye ni wa Pinar del Río, magharibi ya Kuba, mkoa wa tumbaku, na kwamba mwanamuziki aliyempenda kuliko wote alitoka milima ya hukohuko, hakuwa na elimu ya muziki, alikuwa mkata miti na mchoma mkaa. Alilitamka neno mkaa kwa kujivunia, kama ninavyosikia wengine wakitaja chuo walichosoma.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Fernando Borrego Linares. Alizaliwa Juni 5, 1955, katika kitongoji kinachoitwa El Brujito, kwenye safu ya milima ya Sierra del Rosario. Umaskini wa milimani kule haukuhitaji maelezo marefu kwangu: familia inayohamahama kufuata kazi, watoto wanaojua shoka kabla ya kalamu. Aliendesha trekta, alikamua ng’ombe, alikata miti, alichoma mkaa. Tangu utotoni alipiga tumba kwenye sherehe za nyumbani, baadaye akashika gitaa, akajifunza mwenyewe. Noti hakuzijua. Jina la jukwaani, Polo Montañez, ni kama kusema Polo wa Milimani.

Milima ile nayo ina kisa chake. Walowezi wa Kifaransa waliokimbia Haiti walifyeka msitu wakapanda kahawa. Kahawa ilipokufa, waliobaki walimalizia miti kwa mkaa. Mwaka 1968 serikali ikaanza kupanda miti upya kwa kuchonga matuta mlimani, mamilioni ya miche, na familia zilizokuwa zimetawanyika vichakani zikajengewa kijiji kando ya ziwa. Kikaitwa Las Terrazas, yaani Matuta. Katika miaka ya themanini UNESCO ikaitambua Sierra del Rosario kuwa hifadhi ya viumbe hai. Dokta aliposimulia hilo nilinyamaza muda. Mchoma mkaa aliyepewa kijiji na mche wa kupanda! Kwetu nilikuwa nawajua wachoma mkaa waliopewa faini. Sisemi kwamba Kuba ni pepo, Dokta mwenyewe alikuwa na mengi ya kulalamikia, mshahara wake ukiwemo. Ila hilo liliniuma.

Kisha ikaja miaka ya tisini. Umoja wa Kisovieti ulipoanguka, Kuba ilibaki bila mafuta na bila fedha, ikafungua milango kwa watalii. Las Terrazas ikapata hoteli yake, na hoteli inahitaji watu wa kupiga muziki jioni. Polo na wenzake wakaanza kuwapigia wageni. Hapo ndipo niliposogeza kiti. Kumbe mtu huyu hakuwa tu mchoma mkaa kama mimi. Alikuwa pia wa bendi ya hotelini kama mimi, anakunja waya, anatabasamu, anasubiri kutunzwa.

Aliyemwona ni José da Silva, mtu wa asili ya Cape Verde, mwenye kampuni ya Lusafrica, yuleyule aliyemfikisha mwimbaji Cesária Évora kwenye majukwaa makubwa ya dunia. Akamsainisha. Albamu ya kwanza ikatoka mwaka 2000, Polo akiingia umri wa miaka 45, na ikaitwa “Guajiro natural”. Guajiro ni mtu wa shamba. Kwa Wakuba neno hilo linaweza kuwa sifa au kejeli kutegemea linatoka mdomo gani, sawasawa na mshamba kwetu. Mfikirie msanii wa Bongo anaingia sokoni mara ya kwanza, ameshapata mkataba wa nje, halafu anaandika juu ya kasha: Mshamba Halisi. Meneja wake angezimia.

Kilichofuata hakikuanzia hata kwao. Wimbo wake “Un montón de estrellas”, maana yake rundo la nyota, ulishika redio za Kolombia, albamu ikamletea huko diski ya dhahabu na ya platinamu. Kuba ikaja kumgundua vizuri baada ya Kolombia kuwa imeshamgundua. Akazunguka Amerika ya Kusini na Ulaya na kofia yake ya shambani. Gilberto Santa Rosa wa Puerto Rico akauimba ule wa nyota kwa salsa. Miaka mingi baadaye Marc Anthony akaurudia “Flor pálida”, wimbo wake wa mtu aliyeokota ua lililopauka akalitunza mpaka likanawiri, ukachezwa kwenye kumbi za watu ambao Las Terrazas hawajawahi kuisikia.

Watu wakikisikia kisa hiki wanasema: alikuwa na nyota. Wenzangu wa bendi walisema hivyohivyo nilipowasimulia. Tajiri katokea, kamwona, kamchukua. Mpiga besi wetu akahitimisha kuwa tatizo letu ni kwamba hotelini kwetu hawaji matajiri wa aina hiyo.

Nilitaka kumjibu lakini sikuweza, maana wao hawakujua kuhusu ule usiku wa Alhamisi. Mimi nilikuwa nimeshatembelewa na tajiri. Aliuliza swali lilelile ambalo nadhani kila mtu wa kazi hiyo huuliza, nikawa sina kitu. Polo alipofikiwa alikuwa na makumi ya nyimbo zake, alizozitunga kwa miaka akiwa kwenye trekta na porini, wakati hakuna aliyemwahidi chochote. Da Silva alikuta ghala limejaa. Kwangu yule Mfaransa alikuta nafagia ukumbi.

Wiki chache baadaye Dokta aliniuliza swali la ajabu. Alikuwa amekula pweza, yupo katika hali nzuri, akachukua tishu ya mezani na kalamu ya mhudumu akachora kitu kama pia iliyosimama kichwa juu. “Tanuri yetu,” akasema. Magogo ya Kuba yanasimamishwa, yanaegemezwa kuzunguka katikati mpaka linakuwa kama paa la msonge, kisha majani, kisha udongo, na mchoma mkaa anapanda kwa ngazi kuziba matundu. “Huku nimeona magunia barabarani. Sijaona tanuri. Ninyi mnapangaje?”

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa mtoto wa Morogoro mjini. Badala yake nikamnyang’anya kalamu. Nikamchorea letu, magogo yamelala, marefu chini, membamba yakijaza nafasi, mlango upande upepo unakotoka. Akabisha kwamba la kwao linatoa mkaa mzuri zaidi. Nikambishia kwamba mtu anayepanda juu ya tanuri kwa ngazi anataka kufa. Tulibishana robo saa nzima, sauti juu, mpaka mhudumu akaja kuchukua kalamu yake. Mpiga ngoma wetu alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote huo.

“We kumbe mchoma mkaa?” akaniuliza.

“Ndiyo.”

“Miaka yote hii?”

“Miaka yote hii.”

Akaondoka akicheka, na mpaka kesho yake asubuhi hoteli nzima ikawa inaniita Gunia. Wengine wananiita hivyo mpaka leo. Sikufa.

Nikanunua kaunta buku. Sitaki kudanganya kwamba nyimbo zilimiminika. Za mwanzo zilikuwa za kumwiga Polo: maua, nyota, gitaa langu mpenzi. Maneno yenyewe yalikuwa mepesi kama pamba, ukiyapuliza yanaruka. Nilikuwa nasahau kwamba yeye aliimba hivyo kwa sababu alikuwa mtu wa hivyo. Ndani ya nyimbo zake za mapenzi kuna mtu wa shamba anayeongea moja kwa moja, hana kona. Ilinichukua karibu mwaka kuandika mstari mmoja kuhusu baba na ndoo ya tope. Siku nilipouandika niliamka nikatoka nje, nikavuta hewa.

Dokta alimaliza muda wake akarudi kwao mwaka 2013. Aliniachia flashi yenye albamu mbili, ile ya kwanza na “Guitarra mía” ya mwaka 2002. Hiyo ya pili ndiyo ya mwisho kutoka akiwa hai. Novemba 20, 2002, akiwa anatoka Havana kurudi nyumbani usiku, gari lake liligongana na lori. Alifariki Novemba 26, ana miaka 47. Tangu albamu ya kwanza ilikuwa miaka miwili na ushee tu. Nyumba yake pale kando ya ziwa imekuwa makumbusho. Nilipolisikia hilo nilimkumbuka Salum Abdallah wetu wa Cuban Marimba, aliyefia barabarani naye, mwaka 1965. Wanamuziki na usiku na barabara, hiyo ni hesabu ninayoijua. Nimepanda Noah ngapi saa tisa usiku na dereva anayesinzia, spika zimetulalia magotini. Tangu hapo nina sharti moja ambalo wenzangu wanaliona la kizee: tukipiga mbali, tunalala hukohuko hata kama ni kwenye mkeka. Nimepoteza maonyesho mawili kwa sharti hilo. Yaende.

Kupiga nyimbo zangu hotelini haikuwa rahisi. Bosi alisema wageni wanataka wanachokijua. Nikamwomba baada ya saa nne usiku, wakiwa wamebaki wachache. Akakubali, nadhani ili ninyamaze. Mara ya kwanza nilipoimba wimbo wa tanuri, wageni waliendelea na maongezi yao kama kawaida. Lakini wapishi walitoka jikoni wakasimama mlangoni, aproni zimelowa. Mmoja wao, mtu wa Handeni, alikuwa amekunja mikono kifuani. Wimbo ulipoisha hakupiga makofi, akarudi ndani. Kesho yake aliniletea chai bila kuniomba hela, akaniambia na kwao walikuwa wanachoma.

Kurekodi ni mkasa mwingine na sitaukawiza. Kuna mtu Dar alichukua fedha zetu za studio, tulizozichanga miezi saba, bila hata karatasi ya kusaini, na simu yake haipatikani tangu 2016. Kosa la karatasi ni letu. Tulikuja kurekodi nyimbo sita mwaka 2019, kwa mpango mzuri zaidi na gharama ndogo zaidi. Hazijanipeleka Kolombia. Zilinipeleka Muscat, miezi mitatu, hoteli yenye Wazanzibari wengi wanaoishi huko, na usiku wa kwanza mtu mzima mmoja mwenye kanzu alinifuata akauliza huo wimbo wa moshi ni wa nani. Nikasema wangu. Niseme ukweli, nilikuwa nimelisubiri swali hilo tangu 2011, na nilikaribia kulijibu kabla hajamaliza kuuliza.

Baba hakuwahi kuusikia. Alifariki kabla. Mama yupo Mikese, haoni vizuri, lakini masikio yake ni ya popo. Niliporudi kutoka Muscat nilikwenda kumsalimia, nikakaa naye uani jioni, nikamwekea wimbo kwenye simu. Hakuwa anajua kwamba nimeandika kitu kama hicho. Alisikiliza ameinamisha kichwa, mkono umeshika chano cha mchele. Ulipofika ubeti wa pili, pale ninapoimba kwamba baba amewasha tanuri na moshi wa buluu unapanda, akainua mkono.

“Simamisha hapo.”

Nikasimamisha. Nilidhani analia.

“Moshi wa siku ya kwanza ni mweupe,” akasema. “Mweupe mzito, kama wa kuni mbichi. Wa buluu ni mwishoni, mkaa ukishaiva. Baba yako angeona wa buluu siku ya kwanza angekimbia na ndoo.”

Nikakaa kimya. Nilikuwa nimelijua hilo tangu darasa la tatu.

“Umekaa sana pwani,” akasema, akaendelea kupepeta.

Kwenye studio umeshabaki hivyo, wa buluu. Jukwaani naimba mweupe.